Kabla Shimo Halijachimbwa: Tathmini ya Huduma za Kufuatilia Ujenzi Kakamega

Nina vyumba vinane vya kupangisha mtaani Sichirai, nyuma ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na wapangaji wangu wote ni wanafunzi. Mtu mwenye vyumba karibu na chuo hana budi kujua jirani yake anakusudia kujenga nini, kwa sababu ghorofa nne zikisimama upande wa mashariki jua humfikia saa nne, nguo za wapangaji hazikauki, na tangi la maji taka la watu mia moja huenda likachimbwa hatua chache kutoka kisima chake. Kwa mwaka mmoja na nusu nimezitumia karibu njia zote za umma za kupata habari za mradi kabla haujaanza. Nazitathmini hapa kama mtu anavyotathmini mkahawa aliokula: nilichoagiza, nilicholetewa, na muda niliosubiri mezani.

Kwa wasioujua mji wetu, Kakamega imekua pamoja na chuo hiki, kilichoanza mwaka 1972 kama chuo cha ufundi kwa jina la WECO, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Mabweni ya ndani hayatoshi, na wanafunzi wanaolala nje ndio walioijaza mitaa ya Sichirai, Lurambi na Kefinco, huo wa mwisho ukiwa na jina lililoachwa na mradi wa maji wa Kenya na Finland, ingawa vijana wanaoishi pale hudhani ni jina la benki. Shamba la maharagwe likiuzwa leo, mnunuzi hana haja ya kueleza anataka kulifanyia nini.

Januari ya mwaka jana ploti inayopakana na yangu, ambayo miaka yote ilikuwa na mparachichi mmoja na mahindi ya msimu, ilizungushiwa mabati kwa siku moja. Kibao cha mradi kinatakiwa kusimama mahali kinapoonekana, kikitaja mwenye mradi, msanifu, mhandisi na mkandarasi, pamoja na nambari za vibali kutoka kaunti, mamlaka ya mazingira NEMA, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Kibao kilikuwepo. Kilikuwa ndani ya mabati, kimeelekezwa kwenye rundo la kokoto, nami nilikisoma kupitia tundu la msumari nikiwa nimefumba jicho moja, kama mtoto anayechungulia harusi ambayo hakualikwa. Rangi ya buluu ilikuwa imechuruzika kwa mvua. Mbele ya neno la mkandarasi palikuwa patupu, na penye nambari ya NEMA pameandikwa kwamba jambo hilo linashughulikiwa.

Kijana aliyekuwa akikoroga zege aliniona, akasogea hadi kwenye mabati.

"Mzee, unatafuta nani?"

Nilimjibu kwamba namtafuta mwenye kazi.

"Sisi ni watu wa mkono tu, Mzee. Mwenyewe huja Jumamosi kulipa."

Nilimuuliza wanapandisha ghorofa ngapi. Akanyosha vidole vitatu, akafikiri kidogo, akaongeza cha nne.

Hiyo ndiyo habari kamili niliyoipata kutokana na kibao, na nusu yake niliipata kwa kijana. Kibao kina faida moja ambayo sitaki kuificha: pale kilipojazwa vizuri, jina la mkandarasi unaweza kulitafuta bure katika tovuti ya NCA na kujua kama amesajiliwa na yuko daraja gani kati ya 1 na 8, daraja la 1 likiwa la kazi kubwa kabisa. Nimefanya hivyo kwa majengo mengine matatu ya mtaani, na mara moja niligundua kwamba jina lililoandikwa halikuwamo kabisa. Lakini kibao hufika pamoja na kokoto, na anayekisoma anasoma jambo lililokwisha kuamuliwa. Nilifundisha miaka thelathini na mkono wangu haujaacha mazoea ya kutoa alama: kibao nakipa D+.

Gazeti Rasmi la Serikali lilinishangaza kwa wema wake. Hutoka kila Ijumaa na husomwa bure katika tovuti ya Kenya Law, na mradi mkubwa unaohitaji utafiti kamili wa athari za mazingira hutangazwa humo kwa undani ambao sikuutarajia: mwenye mradi ni nani, atajenga nini, kwenye kipande gani cha ardhi, kisha jedwali la athari zinazotarajiwa na dawa ya kila moja, vumbi kwa kumwagia maji, kelele kwa kufanya kazi mchana. Tangazo huwapa wananchi siku 30 za kutoa maoni kwa mdomo au kwa maandishi, na huwaeleza kwamba ripoti nzima inaweza kukaguliwa saa za kazi katika makao makuu ya NEMA huko Nairobi na kwa mkurugenzi wa mazingira wa kaunti inayohusika. Hakuna karani wa kumbembeleza wala nauli ya kwenda mjini.

Nilisoma matoleo ya wiki kumi na mbili mfululizo. Ukitafuta neno Kakamega, kwanza utakutana na mirathi, kisha hati za ardhi zilizopotea, kisha mirathi tena, hata nikawa najua ni akina nani waliopoteza hati zao kabla sijajua nani anajenga ukutani kwangu. Jirani yangu sikumpata, na sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2019, miradi imepangwa kwa kiwango cha hatari, na ule unaohesabiwa kuwa wa hatari ndogo au ya wastani huwasilisha ripoti fupi ambayo kwa kawaida haitangazwi hivyo. Hosteli za mtaani kwetu nyingi hupita kwenye mlango huo. Kwa hiyo Gazeti Rasmi litakuarifu mapema kuhusu kiwanda au machimbo, na litanyamaza kuhusu jengo litakalokuzibia dirisha. Nalipa B bila kusita, kwa kuwa linachoahidi linakitoa.

Baada ya hapo nilikwenda kwenye kaunta ya ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa kuwa karani wake alinisaidia zaidi ya alivyolazimika.

"Karibu, Mwalimu. Nambari ya ploti?"

Nilimweleza kwamba ni ile ya mparachichi, mkabala na kinu cha unga, ukishapita kanisa la mabati. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Mwalimu, humu ndani hakuna mparachichi. Kuna nambari."

Katika sentensi hiyo moja karani alieleza kasoro kubwa ya huduma hii yote vizuri zaidi kuliko nitakavyoieleza mimi. Habari ipo, nayo haijafichwa, ila imepangwa kwa ajili ya mtu anayeijua tayari. Ardhi za pembezoni mwa Kakamega zimesajiliwa kwa majina kama Butsotso/Shikoti au Butsotso/Indangalasia yakifuatwa na tarakimu, na mwenye nyumba anayejua kwamba anaishi Lurambi anaweza kusoma tangazo la kipande kinachogusa ua wake asitambue kwamba ni chake kinachozungumziwa. Ilinibidi ninunue ramani ya eneo letu katika ofisi ya upimaji, niende nayo nyumbani, niitandaze kwenye meza ya kulia chakula, na kwa penseli nianze kutoka ploti yangu mwenyewe, ambayo hati yake ninayo, nikihesabu mipaka hadi kwa jirani. Mke wangu aliniuliza kama tunauza shamba.

Nambari nilipoipata nilirudi, na ndipo nilipoelezwa mambo ya muda ambayo kila mwenye nyumba karibu na chuo angepaswa kuyabandika mlangoni. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba kibali cha ujenzi auarifu umma, na umma uwasilishe pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kwamba kimetolewa. Asiyeridhika na uamuzi, akiwemo jirani, ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti ya masuala hayo, na baadaye kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku hizo 14 zinahesabiwa tangu uamuzi ulipofanywa, wala si tangu siku uliyousikia, na mtu ambaye habari zake hutoka kwenye tundu la msumari amekwisha kuchelewa kabla hajavaa viatu.

Faili lenyewe sikuonyeshwa siku hiyo. Karani alisema, na naamini alisema kweli, kwamba hakuwa na mamlaka ya kulitoa, akanishauri niandike barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Nilitoka nikidhani nimefukuzwa kistaarabu. Kumbe hiyo ndiyo njia bora kuliko zote nilizojaribu. Sheria hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, jambo lililonifurahisha kwa sababu za kikazi. Kuwasilisha ombi hakuna ada, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kunakili karatasi. Na afisa anatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21, muda unaoweza kuongezwa mara moja tu. Niliandika ukurasa mmoja, nikataja nambari ya ploti, nikaomba nakala ya kibali na ya mchoro unaoonyesha jengo lilivyokaa ndani ya ploti. Nilidai pia nakala yangu igongwe muhuri wa tarehe, na nasisitiza hapo: bila muhuri hakuna siku ya kwanza ya kuhesabia.

Kuna jambo moja ndani ya sheria hizi mbili ambalo bado linanikera. Ofisi ikimnyamazia mjenzi kwa siku 60, ukimya huo ni kibali. Ikimnyamazia mwananchi aliyeomba habari hadi muda upite, ukimya huo huo ni kukataliwa, naye itabidi aende kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanayoiita Ombudsman, kuomba uamuzi uangaliwe upya. Aliyeyapanga hivyo sidhani alikusudia ubaya, ila ni dhahiri hakuwa na vyumba vinane Sichirai.

Mimi nilijibiwa siku ya kumi na saba. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi tatu, na kwenye ya tatu niliona mstatili mdogo wenye mistari ya mshazari, hatua nne hivi kutoka uani kwangu, upande uleule wa kisima. Lilikuwa tangi la maji taka. Ghorofa zilikuwa nne, kama kijana alivyomalizia kuhesabu. Msingi ulikuwa umeshachimbwa na sikuwa na nguvu ya kupunguza ghorofa hata moja, lakini tangi lilikuwa bado halijaguswa. Niliandika pingamizi kuhusu tangi peke yake, nikapeleka nakala kwa msanifu ambaye anwani yake ilikuwa kwenye mchoro. Alikuja mwenyewe wiki iliyofuata, akatazama kisima, akapima kwa utepe, na tangi likahamishiwa upande wa barabara. Barua ya kuomba habari naipa A-, na ile alama ya kutoa imetokana na ukweli kwamba karani ndiye aliyeniambia. Hakuna bango lolote katika ofisi zote nilizoingia lililoitaja.

Njia zilizobaki hazihitaji maneno mengi. Mikutano ya ushirikishwaji wa umma niliyohudhuria ilihusu barabara za mtaa, masoko na taa, na kwa hayo inafaa, hasa kwa anayetaka kujua mtaro utaelekezwa wapi. Hosteli ya mtu binafsi haijadiliwi pale. Toleo la matangazo ya serikali, MyGov, lina zabuni nyingi, na mwenye subira ataona ofisi za umma zinataka kujenga nini miezi kadhaa kabla ya trekta kufika. Kundi la WhatsApp la wenye nyumba huwa la kwanza siku zote, na sijawahi kulikuta sahihi: lilitutangazia duka kubwa la ghorofa mbili, watu wakapandisha kodi, na kilichofunguliwa ni kanisa.

Sasa nina daftari la kurasa mia moja na ishirini na nane, lile la watoto wa shule. Kila ploti inayozunguka yangu ina ukurasa wake, nambari juu, chini yake tarehe za kila nilichokiona na kila muhuri nilioupata. Juzi Alhamisi mabati yalishushwa kutoka kwenye kantera mbele ya ploti iliyo nyuma ya kinu cha unga, na hadi naandika haya kibao hakijasimamishwa. Ukurasa wa ploti hiyo una nambari tu. Barua nimekwisha kuiandika, kwa Kiswahili, na Jumatatu saa mbili nitakuwa kaunta.