Chandarua cha bure cha kliniki, miezi minane baadaye

Jamani mi nilikidharau, wife alipewa kliniki akiwa na mimba nikasema cha bure lazima kitakuwa cha ovyo, kumbe wapi. Ni ile aina ya nyuzi ngumu ngumu, siku ya kwanza kinakwaruza shingoni na harufu ya dawa kali balaa, kitundike kwanza kivulini siku nzima ndo ulalie. Matundu yake mapana kidogo so hewa inapita, hata joto la Machi tumelala fresh. Kufua sabuni ya kawaida tu, usianike juani dawa inakufa.

Shida ni udogo, kitanda changu sita kwa sita hakifiki chini, nachomekea kwa kuvuta vuta na kona moja imeshachanika, nimeshona.

Na wale wa "kitu cha bure hakithaminiwi", wachumi watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas walipima hilo kwa vyandarua Kenya magharibi, matokeo yakatoka 2010: bei ikipanda toka bure hadi senti 60 za dola wanaochukua wanapungua vibaya, na walionunua hawakukitumia zaidi ya waliopewa. Nyota nne, moja nimekata ya saizi.