Kikokotoo cha Umbali wa Ndege kwa Msafiri wa Kisumu: Uzoefu Wangu

Kwa muda sasa nimekuwa nikitumia kikokotoo cha mtandaoni kinachopima umbali na muda wa kuruka baina ya viwanja viwili vya ndege, hasa ninapopanga safari ya kikazi kutoka Maseno kwenda Nairobi. Kuhusu umbali sina lawama nacho. Kati ya Kisumu na Jomo Kenyatta kinatoa kilomita 280 hivi, yaani njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, ilhali basi linalopitia Kericho na Nakuru hukata karibu kilomita 350. Kinatoa pia maili za baharini, ambazo marubani huzitumia na ambazo kila moja ni kilomita 1.852, hivyo umbali huohuo husomeka 151, na asiyelijua hilo ataona Nairobi imesogea.

Kwenye muda ndipo ninapotofautiana nacho. Kilinipa dakika 51, na nilipopiga hesabu niligundua kwamba hugawanya umbali kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Jibu linakaribiana na ratiba za mashirika, lakini mwendo huo ni wa ndege ya jeti; ndege za pangaboi, ambazo nazo huhudumu kwenye njia hii, huenda polepole zaidi. Tofauti hiyo haionekani sana kwa sababu safari ni fupi mno: ndege haijakaa sawa angani, na siku isiyo na mawingu abiria wa kushoto hajamaliza kuutazama Longonot, tayari inashuka. Isitoshe, Jomo Kenyatta ina njia moja tu ya kurukia, na saa za msongamano ndege huweza kuambiwa izunguke ikingoja zamu.

Hayo yote ni ya angani. Mimi nina bahati kwamba uwanja wa Kisumu uko kando ya barabara ya Busia, kwa hiyo anayetoka Maseno huufikia kabla ya kuingia mjini. Hata hivyo, nikijumlisha ukaguzi, kungoja kupanda, mizigo na foleni ya Mombasa Road, dakika 51 hugeuka saa nne. Bado ni afadhali kuliko basi, ila mtu asipange mkutano kwa kutegemea namba ya kikokotoo.

Nilijaribu pia Kisumu na Eldoret. Kilitoa kilomita 78 na dakika 36 bila kunidokezea kama kuna tiketi ya moja kwa moja inayouzwa, wakati matatu ya kupitia Chavakali na Kapsabet hukwea milima ya Nandi kwa kilomita mia moja na ushei. Nakipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitakiongezea siku kitakapoonyesha ni jozi zipi za viwanja zina safari za abiria.