Vipuri vya mashine za gemu kutoka nje: nani namwagiza nini

Kama una mashine za gemu za kusimama, zile za fimbo na vitufe zinazokula sarafu, unajua adha ya kutafuta vipuri vyake hapa nchini. Kariakoo utapata pedi za PlayStation, spika, waya wa kila rangi na pawa saplai za taa. Fimbo ya mashine, au kile kifaa kinachomeza sarafu na kuikagua, utazunguka Msimbazi na Aggrey mpaka maduka yafungwe. Mimi nina chumba cha gemu Morogoro, na natengeneza pia mashine za wenzangu wenye kumbi za watoto. Vipuri vyangu karibu vyote natoa nje. Sina duka wala kamisheni ya mtu, haya ni maoni ya mnunuzi.

Msimamo wangu nauweka mbele kabisa: Japani kwa fimbo, China kwa karibu vyote vilivyobaki, Uingereza kwa kipuri kimoja tu. Marekani nimeachana nako. Usafiri wa kutoka huko unazidi thamani ya kitu chenyewe, na vifaa vyao vingi vya umeme vimeundwa kwa volti 120 wakati sisi tuna 230.

Fimbo kwanza, kwa sababu ndiyo inayoleta mteja au kumfukuza. Nanunua Sanwa ya Japani, modeli ya JLF. Kwa bei ninayoipata, moja inagharimu karibu fimbo nne za Kichina zenye umbo lilelile, na watu huniuliza kama nina wazimu. Siku za mwanzo kweli huoni tofauti. Tofauti inakuja watoto wakishaishughulikia vya kutosha: springi ya ile ya Kichina inalegea, kile kiplastiki cha chini kinachogonga swichi kinalika, na fimbo hairudi tena katikati sawasawa. Mchezaji ameiachia, lakini mtu wake kwenye skrini bado anatembea. Hapo ndipo kelele za "mashine yako mbovu, nirudishie hela" zinapoanza.

Lakini sababu hasa ya kung'ang'ania JLF ni kwamba inafunguka, na kila kilichomo ndani kinauzwa peke yake: springi, klipu, kiplastiki cha kugonga swichi, bamba la mraba linalozuia fimbo isipite mpaka wake, hata tufe la juu la milimita 35. Plagi yake ni moja ya waya 5, unachomoa na kuchomeka bila kushika risasi ya kulehemu. Fimbo ya kwanza niliyoifunga bado inafanya kazi, ingawa sidhani kama imebaki na kitu cha asili zaidi ya bodi yake na chuma cha juu. Ya Kichina ikichoka unaitupa yote. Wale vijana wa Tekken, gemu ya kupigana, watakwambia fimbo ya Kikorea ndiyo fimbo, ile inayorudishwa na mpira badala ya springi. Ni nzuri kweli, ila watoto wangu wa darasa la nne wanaiona ngumu.

Kwa vitufe nafanya kinyume. Kitufe cha Sanwa cha milimita 30 ni kitamu, kinaitikia hata kidole kikikigusa tu, na hapo ndipo kinaponishinda. Mtoto wa miaka 9 hagusi kitufe, anakitwanga. Isitoshe, aina ile ya kubana kwa vibawa vya pembeni imekusudiwa paneli nyembamba ya chuma au plastiki. Paneli zangu ni za mbao za MDF, milimita 18, na vibawa havina pa kushika. Kwa hiyo naagiza China vitufe vya mtindo wa Kimarekani: shingo ndefu yenye nati, na swichi yake inachomekwa chini kama kitu cha pekee. Kitufe kikikataa nabadilisha swichi tu, ambayo ukinunua mia kwa pamoja bei yake haifiki ya soda.

Vipimo ndivyo vinavyowaumiza wengi. Kitufe cha Kijapani kinataka tobo la milimita 30, au 24 kwa vile vidogo vya kuanzishia mchezo. Cha Kimarekani kinataka takriban 28. Ncha za waya nazo zinatofautiana: za Sanwa zina upana wa milimita 2.8, za swichi za Kimarekani 4.8, na waya ulioandaliwa kwa moja haukai kwenye nyingine. Kwenye picha za mtandaoni vyote vinafanana kabisa, na wauzaji wengi wanatumia picha moja kwa bidhaa tofauti.

Muuzaji mmoja niliwahi kumwandikia wazi kwamba nataka vya 30, kwa ajili ya mashine ya mteja yenye paneli ya chuma. Vikaja vya 28, boksi zima. Vilikuwa vinacheza ndani ya tobo na kuzunguka na kidole. Nikamwandikia, akajibu, "Rafiki, hivi vinafanana, ongeza mpira." Nikampigia picha kipimo cha vernier kikiwa kimekibana kitufe, namba inasomeka, nikaambatanisha na ujumbe wangu wa awali. Fedha ikarudi bila maneno mengi. Vitufe vyenyewe hakuvitaka virudi, maana usafiri ungemla. Tangu hapo vipimo vyote naviandika kwenye mazungumzo ya oda, kabla ya kulipa, hata kama tayari viko kwenye tangazo. Nikikosa jibu lenye namba, silipi.

Sasa kifaa cha kupokea sarafu, ambacho ndicho kimenipa shughuli kuliko vyote. China wanauza aina mbili. Ya rahisi unaifungia sarafu moja ya mfano pembeni, nayo inalinganisha kila inayoingia na ile. Haina cha kupanga, haiharibiki ovyo, lakini inakubali aina moja tu. Kwa mashine ya mia mbili tupu inatosha kabisa na nampa kila mtu ushauri aanzie hapo. Ya pili inafundishwa: ile inayoitwa CH-926 inakubali aina hadi 6, na ndiyo unayohitaji ukitaka mashine ipokee mia mbili na mia tano kwa pamoja. Inatumia volti 12. Unaipanga kwa herufi: E ni idadi ya aina za sarafu, H ni sarafu ngapi za mfano utaipitishia, P ni mipigo mingapi ya umeme itume kwenye mashine kwa kila sarafu, F ni ukali wa ukaguzi. Karatasi ya maelezo inayokuja nayo ni Kiingereza kilichopitia mikono mingi, kwa hiyo jiandae kusoma sentensi mara mbili.

Jambo ambalo karatasi haisemi ni hili: usiifundishe kwa sarafu mpya tupu ulizochukua benki. Mia mbili ya Karume na simba wawili iliyokaa mifukoni miaka 15 imelika, na mashine iliyofundishwa sarafu zinazong'aa inaitema. Mimi nakusanya sarafu kwa mama lishe wa jirani, chafu na safi, nampa noti, ndipo nafundisha. Ukali, yaani F, nauweka kwenye 8 au hapo karibu. Ukiulegeza sana vijana watakuletea vipande vya bati vilivyokatwa kwa ustadi ambao ungewafaa VETA.

Wenye kumbi kubwa wanapendelea tokeni, yaani sarafu za ukumbi wenyewe badala ya hela, na hapo China haina mpinzani. Kipimo kilichozoeleka ni kipenyo cha milimita 25 na unene wa 1.85, na ukitaka wanakuchapia jina lako. Ubora umenishangaza kwa bei ile, hazipauki haraka. Ila tokeni ni chuma. Usizitume kwa ndege, utalia. Hizo ni za meli.

Pawa saplai nazo natoa hukohuko. Nyingi zina kiswichi cha 110 na 220 ubavuni, na kiwandani hawajui inakwenda wapi. Kiangalie kabla ya kuchomeka, kikiwa kwenye 110 saplai itapasuka kwa mlio. Halafu pima volti 5 pale kwenye bodi ya gemu, si pale kwenye saplai, kwa sababu waya mwembamba unapunguza. Ikishuka sana bodi inajizima na kujiwasha yenyewe, na mtu anaanza kulaumu bodi. Kirungu kidogo cha kurekebishia kipo karibu na ncha za waya.

Uingereza nanunua I-PAC ya Ultimarc, bodi ya kuunganisha fimbo na vitufe na kompyuta, kwa mashine zenye kompyuta ndani. Inachomekwa kwa USB, na kompyuta inaiona kama kibodi. Bodi za Kichina za kazi hiyo ni rahisi mno, lakini ukifunga mbili zinazofanana kwa wachezaji wawili, umeme ukikatika na kurudi kompyuta inaweza kuzibadilisha: mchezaji wa kwanza anajikuta wa pili. Kwa mji wenye umeme wa kwetu, hilo si jambo la mara moja moja. I-PAC inabeba wachezaji wote wawili kwenye bodi moja, basi mchezo umekwisha.

Yale maboksi ya gemu maelfu kwa pamoja siyapi alama. Yamejaa gemu zilizonakiliwa bila idhini ya wenyewe, na sipendi kumuuzia mteja kitu ambacho siwezi kumtetea nacho.

Usafiri. Oda za Japani zinakuja kwa EMS, usafirishaji wa haraka wa posta, na Posta wananipigia simu. Bei ni ya juu ila boksi halijawahi kufika limepondwa. Za China natumia wakala wa mizigo mwenye ghala Guangzhou: muuzaji anapeleka huko, boksi linaandikwa alama yangu, na dada anayepokea kule, Mtanzania mwenzetu, ananitumia picha na uzito. Kwa meli wanahesabu ujazo, kwa ndege kilo, na bei yao inabeba ushuru ndani yake. Ukileta mwenyewe, jua kwamba VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye bei ya bidhaa tu. Nauli, bima na ushuru vinaingia humo kwanza.

Kwa ndege angalia ukubwa wa boksi. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 ni kilo 16 kwenye karatasi hata kama ndani mna kilo 7 za plastiki. Dada ndiye aliyenishtua: "Kaka, hivi vitufe kila kimoja kiko kwenye kiboksi chake, tunakusafirishia hewa." Alivitoa, akavifunga kwa nailoni, na boksi likapungua karibu nusu. Siku hizi namwomba muuzaji afanye hivyo tangu mwanzo. Spika zinatozwa bei nyingine kwenye ndege kwa sababu ya sumaku, kwa hiyo nazipandisha meli pamoja na tokeni.

La forodha ni maelezo ya ankara. Wauzaji wengi wa China wanaandika vipokea sarafu kuwa vya mashine za kamari, kwa kuwa ndiko soko lao kubwa liliko, na mashine za kamari hapa zina sheria zake na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayozisimamia. Ukiacha maelezo hayo yapite utaulizwa maswali halali kabisa kuhusu leseni. Mwambie muuzaji aandike kitu kilivyo: vipuri vya mashine za gemu za burudani, idadi, bei halisi. Bei ya uongo usithubutu.

Mzigo ukifika Dar unapanda basi na naupokea Msamvu. Oda yangu inayofuata ni tokeni na swichi. Nitaifunga Novemba, kwa sababu viwanda vya China vinafunga kwa wiki kadhaa kwenye Mwaka Mpya wao wa Januari au Februari, na boksi likikosa meli ya kabla ya sikukuu nitalipokea karibu na Pasaka.