Ngoma ya sikio: utando ulifeli, gegedu limeshika

Sikio langu la kulia lilianza kutoa usaha nikiwa shule ya msingi, na ngoma ikabaki na tundu kubwa. Upasuaji wa kwanza wa kuziba tundu hilo walitumia utando unaofunika msuli wa juu ya sikio, ambao madaktari wengi huuchagua. Ulishika vizuri, kisha polepole ukavutwa kuelekea ndani hadi ukatoboka.

Daktari wa pili alinieleza jambo ambalo kila mgonjwa anastahili kuelezwa mapema. Nina mzio na pua huziba mara kwa mara, kwa hiyo mrija unaopeleka hewa kutoka nyuma ya pua hadi sikio la kati haufunguki sawasawa. Hewa ya ndani ikipungua, ngoma huvutwa. Utando ni laini, hufuata mvuto huo. Gegedu, ile tishu ngumu inayopinda kama ya sikio la nje, huhimili. Tena halidai damu nyingi, hulishwa na majimaji yanayolizunguka.

Katika upasuaji wa pili alichukua gegedu kwenye kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio, akalichonga hadi karibu nusu milimita ili lisizuie sauti, akaliweka upande wa ndani wa ngoma juu ya sponji inayoyeyuka yenyewe. Nilipewa nusu kaputi. Umbo la sikio halikubadilika kabisa.

Wiki za mwanzo ndizo ngumu. Hupengi kamasi, chafya unapiga mdomo wazi, na maji hayatakiwi kuingia. Nilioga nimeziba sikio kwa pamba iliyopakwa vaselini. Ulimi upande ule ulikuwa na ladha ya chuma, maana neva ya ladha hupita hapo hapo nyuma ya ngoma. Iliisha yenyewe.

Sasa sikio ni kavu hata nikiwa na mafua, na hilo kwangu ni kubwa kuliko yote. Kipimo cha usikivu, ambacho namba ikishuka ndipo unasikia vizuri zaidi, kilitoka desibeli 48 hadi 29. Halijafikia la kushoto, ila msikitini namsikia imamu nikiwa safu ya nyuma.

Kama tundu lako ni dogo na pua haikusumbui, utando unatosha. Ikiwa ngoma inavutwa ndani, au upasuaji wa awali ulifeli, ulizia gegedu kabla ya kutia saini fomu. Kasoro yake ni kwamba halipitishi mwanga: ngozi ikianza kuota vibaya nyuma yake, daktari anaweza asiione mapema. Ndiyo maana bado nahudhuria kliniki, ingawa sina maumivu yoyote.