Filamu nzuri ya uokoaji, ila mtafsiri kaiharibu mbele ya wanangu

Siku zimepita na hasira haijaisha, kwa hiyo naandika. Kama una watoto na uko Kigoma mjini, soma hapa kwanza kabla hujawapeleka banda la video kuangalia The Finest Hours iliyotafsiriwa.

Filamu yenyewe sina ugomvi nayo. Imetolewa na Disney mwaka 2016, na kisa chake ni cha kweli. Februari 1952 meli ya mafuta iitwayo Pendleton ilikatika vipande viwili kwenye dhoruba, karibu na Cape Cod, Marekani. Siku hiyohiyo meli nyingine ya mafuta, Fort Mercer, nayo ilikatika kwenye bahari hiyohiyo, na meli kubwa za uokoaji zikawa zimeelekea huko. Wakabaki Bernie Webber, mlinzi wa pwani wa mji wa Chatham, na wenzake watatu, na boti ya mbao ya futi 36. Wakatoka nayo. Walipofika kwenye fungu la mchanga la Chatham, mawimbi yakavunja kioo na kung'oa dira. Hawakurudi nyuma.

Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa maana yake. Baba wa wanangu ni mvuvi wa dagaa. Mwezi ukiwa haupo anashuka mwaloni Kibirizi na taa zake jioni, na upepo ukibadilika usiku hakuna anayelala nyumbani. Baba yao mdogo alitoka hivyohivyo, Ziwa Tanganyika likamchukua. Ndiyo maana niliwapeleka. Nilitaka waone kwamba wapo watu ambao mwenzao akipatwa na jambo majini wanamfuata.

Sasa njoo kwa huyo mtafsiri. Mwanzoni nilimvumilia. Anapiga domo juu ya maneno ya wenyewe, anawabatiza watu majina ya mtaani, watoto wanacheka, basi. Tukafika kwenye uokoaji. Mabaharia wanashuka kwa ngazi ya kamba ubavuni mwa kile kipande cha meli, na chini yao boti inapandishwa na wimbi hadi karibu na miguu yao, halafu inadidimia, unaona maji matupu. Lazima uruke pale pale inapopanda. Ukichelewa kidogo, huna boti. Mmoja mmoja wanaruka, na watoto wangu wameziba midomo kwa viganja. Ikafika zamu ya George Myers, bonge la mtu. Huyo hakufika ndani ya boti. Kati ya watu 33 waliokuwa kwenye kipande kile cha nyuma, ndiye pekee aliyepotea.

Mtafsiri akapaza sauti: "Kibonge kaenda kuoga!"

Banda zima likaangua kicheko. Mwanangu wa mwisho akanivuta kitenge, akaniuliza, "Mama, mbona wanacheka? Si amekufa?"

Nikanyanyuka nikamfuata kijana aliyekuwa kwenye mashine. Nikamwambia kwa adabu kabisa, "Mwanangu, naomba upunguze hiyo sauti, kuna watoto hapa, na wengine wamefiwa ziwani." Hata kugeuka hakugeuka. "Maza, hapa siyo kanisani. Kama hutaki kelele kaangalie kwako." Nikamwomba anirudishie hela yangu. Akasema nimeshakaa, nimeshaona, hela hairudi. Halafu akaongeza sauti. Mbele ya wanangu! Mzee mmoja aliyekaa benchi la nyuma akaniambia, "Pole mama," na ndiye mtu pekee mle ndani aliyeonyesha kulelewa.

Nilitaka tuondoke, watoto wakagoma, walitaka kujua kama wale wengine watafika. Tukabaki. Na pale mwishoni, boti iliyotengenezwa kwa watu 12 inarudi na 32 waliookolewa pamoja na wale wanne, gizani, bila dira, na watu wa mji wamepanga magari gatini wamewasha taa zote ili wenzao waione nchi kavu, mtafsiri alikuwa anatangaza filamu zake nyingine na namba ya simu. Sikusikia neno hata moja la pale.

Kwa hiyo msiende. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yangu, na nilikuwa nimeshaanza kuichukia hata filamu.

Lakini baadaye binti yangu mkubwa aliipata kwenye simu, sauti ya asili. Tukakaa sebuleni, yeye anatueleza polepole pale tusipoelewa. Ni filamu nyingine kabisa. Myers alipopotea hakuna aliyesema kitu. Yule mdogo aliuliza jambo moja tu, kwa nini baba mdogo hawakumfuata, na tulizungumza mpaka usiku, mazungumzo ambayo nyumbani kwetu hayajawahi kufanyika. Kwa hilo peke yake naipa filamu hii alama zote.

Karibu zote. Ule uchumba wa Webber na mpenzi wake Miriam umevutwa mno. Kwa kweli Webber na Miriam wakati ule walikuwa wameshaoana, na mke anayemsubiri mume wake angetosha. Mtoto wa chini ya miaka minane simshauri, mawimbi yanatisha na yule mtu anakufa kweli. Matusi sikuyasikia, na hakuna cha kumfunika mtoto macho.

Na banda? Viti vizuri, picha safi, mia tano tu kwa kichwa, na familia nyingi za Mwanga hapa mjini hazina pengine pa kwenda. Wakileta sauti ya asili ningeweza kurudi. Hapana, sirudi. Yule kijana akija kuwaomba radhi watoto wangu, hapo tutazungumza.