Wahakiki au wachezaji wenzako, umsikilize nani kabla hujanunua gemu?

Mhakiki anapewa gemu mapema, analicheza, anakueleza vizuri stori ikoje na kontroli zikoje, hapo namkubali kabisa. Shida ni kwamba kampuni ndo inaamua yeye aone nini. Cheki Cyberpunk 2077 mwaka 2020, kabla halijatoka wahakiki walipewa toleo la kompyuta (PC) tu, maksi zikawa juu, afu watu wa PS4, mashine ya gemu ya Sony, wakakuta gemu linaganda na kujizima, mpaka Sony wakalitoa kwenye duka lao la mtandaoni, likarudi Juni 2021. Waliosoma maksi wakanunua waliumizwa, na haikuwa haki.

Wachezaji wao wametoa hela yao na wanacheza kwenye mashine kama yako, so wakisema linakwama ujue linakwama kweli. Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, inakuonyesha hadi masaa aliyocheza mtu anayetoa maoni. Ila wakikasirika hawasikii, The Last of Us Part II lilimwagiwa sifuri kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya maksi za wahakiki na wachezaji, siku ileile limetoka, gemu la masaa zaidi ya 20, nani alikuwa ashalimaliza?! Baadaye Metacritic wakaweka sheria kwamba wachezaji wasubiri masaa 36 tangu gemu litoke ndo watoe maoni.

Mimi naegemea kwa wachezaji, lakini nasoma maoni ya karibuni ya mtu aliyecheza sana na bado ana malalamiko, sio ya mstari mmoja. Mhakiki namtumia kujua tu ni gemu la aina gani. Na kama ni Steam, hujafikisha masaa 2 na siku 14 hazijapita, omba hela yako irudi.