Mizani ya kioo ya Kariakoo: miezi mitatu nikizitafuta kilo tatu za mwisho

Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 32,000, muuzaji alianzia 40,000. Ni ile ya kioo kinene cheusi, ya mraba, yenye kidirisha cha namba upande wa juu, mwisho kilo 180. Jina lililoandikwa juu yake sijawahi kulisikia, na duka la pili walikuwa nayo hiyo hiyo kwa jina jingine. Nimeipanda kila asubuhi kwa miezi mitatu, kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaona mwenyewe.

Nianze na kwa nini niliitafuta. Nesi wa kliniki ninakopimia presha alinipima mwaka jana nikakutwa na kilo 78.2. Urefu wangu ni sentimita 162, na kwa urefu huo BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, inafika 25, pale uzito unapoanza kuitwa umezidi, kwenye kilo 65.6. Nikaiandika hiyo namba nyuma ya kadi ya kliniki. Kilo tisa za kwanza zilitoka bila kuwa na mizani nyumbani. Niliacha soda, nikapunguza tonge la usiku, nikawa nashuka daladala vituo viwili kabla ya changu. Mara moja kwa mwezi nampa kijana wa mizani pale stendi hela yake, napima, namba imeshuka. Watu wakaanza kuniuliza kama naumwa.

Halafu nikafika 69 na mambo yakasimama. Mwezi ule 69, mwezi uliofuata 69 na nusu. Nilikata tamaa kweli. Mtu akiwa na kilo 13 za kupunguza anasukumwa na hofu na anasukumwa na sifa. Zikibaki tatu na kidogo, hofu imeisha, sifa zimeisha, na shangazi zako wanakwambia umekonda mno, inatosha, kula mwanangu.

Nesi ndiye aliyenifafanulia. Mwili uliopungua unataka chakula kidogo zaidi kuliko ule wa mwanzo, kama lori lililoshusha mzigo linavyotumia mafuta kidogo. Sahani iliyokuwa inanipunguza nikiwa na 78 sasa inanitosha tu. Kwa hiyo hatua zinazobaki ni ndogo sana, wiki nzuri ni gramu 300. Na gramu 300 huzioni kwenye mizani ya mshale, una viatu mguuni na umetoka kula wali maharage. Ndiyo maana nikaitoa hiyo 32,000.

Kabla ya kuiamini niliijaribu kwa dumu la maji. Lita 20 za maji ni kilo 20, na dumu tupu ni kama kilo moja. Nikalisimamisha katikati ya mizani, juu ya marumaru: 20.9. Nikalishusha, nikasubiri izime, nikarudia: 20.9. Mara ya tatu 20.8. Hapo nikaridhika. Nikaihamishia sebuleni juu ya zulia, nikapanda mwenyewe, nikaambiwa nimepungua kilo moja na nusu kwa hatua kumi za kutembea! Vipimo vyake viko kwenye ile miguu minne ya chini. Ikikaa kwenye kitu laini, tumbo la mizani linaegemea zulia na miguu haibebi uzito wote. Iweke kwenye sakafu ngumu, mahali pamoja, na usiihamishe.

Kasoro yake kubwa niliigundua wiki ya tatu, na hii muuzaji hakuambii. Nilipima, nikashuka, nikachukua chupa ya maji ya nusu lita mkononi, nikapanda tena. Namba ile ile, 68.9. Nikaweka chupa chini, nikapanda: 68.9. Nikachukua ya lita moja na nusu, ndipo ikashtuka na kusema 70.4. Maana yake inakumbuka namba ya mwisho, na ukija na tofauti ndogo inakurudishia ile ya zamani ili ionekane haiyumbi. Kwa mtu mwenye kilo nyingi za kupunguza hilo si kitu. Kwa mimi ninayetafuta gramu 300, lilikuwa linaninyang'anya jasho langu. Siku ngapi nimeamka nimepungua kidogo, na mizani ikanisomea ya jana? Sasa kila asubuhi naanza kwa kupanda na lile chupa kubwa mkononi, nashuka, inazima, ndipo napanda mwenyewe. Inachukua dakika moja zaidi. Lakini mtengenezaji angeandika jambo hili kwenye kile kikaratasi chake.

Nije kwenye Jumamosi iliyokaribia kunirudisha nyuma. Ijumaa tulikuwa na shughuli ya mtoto wa dada yangu. Nilikula pilau sahani moja, kachumbari, nyama, nikanywa soda moja baada ya miezi. Asubuhi mizani ikasoma kilo 1.4 juu. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia. Nikajiambia, kama sahani moja inafuta wiki tano, najitesea nini? Mchana ule nilikula chapati tatu kwa hasira.

Jumatatu nikampigia nesi. Akaniuliza, "Mama, hiyo pilau ulikula sahani ngapi?" Nikamwambia moja. Akanipigia hesabu: kilo moja ya mafuta ya mwili ni karibu kalori 7,700, kwa hiyo ili kweli ninenepe kilo 1.4 ningehitaji kula zaidi ya kalori 10,000 juu ya chakula changu cha kawaida, kwa usiku mmoja. Haiwezekani. Ile ilikuwa chumvi na maji, pamoja na chakula ambacho bado kilikuwa tumboni. Wali na ugali navyo huhifadhiwa mwilini pamoja na maji. Alhamisi ile namba ilikuwa imesharudi ilipokuwa. Siku chache kabla ya hedhi pia napanda karibu kilo nzima, kila mwezi, na zamani nilikuwa nadhani ni uvivu wangu.

Tangu siku hiyo napima kila asubuhi baada ya msalani, kabla ya chai, na kanga ile ile, lakini namba ya siku siihesabu. Jumapili najumlisha siku saba, nagawanya kwa saba, naandika kwenye daftari. Hiyo ndiyo ninayoisoma. Wiki zangu zilikwenda hivi: 69.0, 68.8, 68.8, 68.9, 68.4. Ukiangalia siku moja moja ungesema hakuna kitu.

Kitu cha pili kilichonishika mkono ni cha shilingi 1,000: futi ya fundi cherehani. Kuna wiki mbili mizani haikusogea hata nukta, na fundi wangu akanipima gauni akasema, "Dada, kiuno nimekishona mwezi uliopita, mbona kimelegea tena?" Nikarudi nyumbani na futi yangu. Nilikuwa nimetoka sentimita 86 hadi 84, na kilo zile zile. Kwa wanawake Shirika la Afya Duniani linataja sentimita 80 kama mahali hatari ya moyo na sukari inapoanza kuongezeka, kwa hiyo sasa nina namba mbili za kufukuzia, na ikigoma moja, nyingine inanipa moyo.

Wiki zilizogoma kwenye daftari ndizo zilizonifanya nitafute pa kubana jikoni. Mafuta ya kupikia nilikuwa namimina kutoka kwenye dumu kwa macho. Nikaanza kupima kwa kijiko cha chakula, kila kijiko ni karibu kalori 120, nikakuta mchicha wa watu wawili nilikuwa nautilia vijiko vinne. Sasa viwili.

Kuna mizani nyingine za bei ya juu zinazokusomea na asilimia ya mafuta. Hizo hupitisha umeme mdogo miguuni na kukisia kwa maji yaliyomo mwilini, namba inacheza ukinywa tu maji. Mwenye kifaa cha umeme moyoni asizipande kabisa. Sikuona sababu ya kuongeza hela.

Yangu inatumia betri mbili ndogo za rimoti, zipo kila duka la mtaani, na bado sijazibadilisha. Kioo hakijachubuka. Mpira wa mguu mmoja ulilegea, nikaubandika kwa gundi. Naipa nyota nne. Ya tano imebaki kwa ile kumbukumbu yake. Ukienda kununua, panda, shuka, panda tena umeshika kitu cha nusu kilo, hapo hapo dukani.

Wastani wangu wa Jumapili iliyopita: kilo 66.8. Kiuno: 81.